Marahaba Bila Shikamoo

Jirani yangu wa fremu pale Kariakoo, dada mmoja anayeleta magauni ya Uturuki tangu enzi mimi bado nasukuma toroli Mtaa wa Kongo, alinipa wosia mmoja tu kabla sijasafiri. "Mdogo wangu, usifike Istanbul Jumamosi. Laleli siku ya Jumapili ni kama makaburini." Nikamwitikia "sawa, dada", halafu nikaenda kukata tiketi ya kufika Jumamosi usiku, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko ya siku iliyofuata. Hela niliokoa kweli. Gharama ya hoteli ya ile siku moja ya bure ikaimeza yote, na chenji juu.

Laleli ndiko kwenye nguo za jumla: mashati, suti, jinzi, zile ambazo mteja akigeuza kola na kuona zimetoka Uturuki ananyamaza kidogo kabla ya kuuliza bei. Nilikuwa nimefuata hizo. Karatasi ya saizi mfukoni, dola kwenye mkanda wa tumboni, namba ya wakala wa mzigo kwenye simu. Kuzunguka kuona mji hakukuwamo. Sisi wa Kariakoo tukipanda ndege hatutalii, tunafuata mzigo.

Niliamka saa kumi na mbili kwa mazoea. Giza. Saa moja kasoro, bado giza, ndiyo kwanza nikasikia adhana ya alfajiri. Nikadhani simu imekorofisha. Saa zetu na za Uturuki ni zile zile, hugeuzi hata mshale, na ilikuwa Januari. Kwetu Tanga muda kama huo mama huwa ameshafagia uwanja na chai iko mezani. Jua lenyewe lilitoka saa mbili na nusu, tena kwa kujivuta. Zamani, msimu wa baridi ukiingia, walikuwa wanarudisha saa nyuma, wakaacha mwaka 2016. Ndiyo maana Januari watoto wao wanakwenda shule taa za barabarani zikiwa zinawaka. Hakuna aliyenieleza hilo kabla ya safari, na mtu asiyejua anaweza kupitwa na alfajiri au akakaa kitandani akisubiri kuche hadi njaa imtoe.

Mapokezi palikuwa na kijana ambaye sidhani alifika miaka 22. Aliponiona nashuka ngazi akainuka, mkono kifuani, akasema, "Merhaba!"

Nikasimama kwenye ngazi ya tatu. Kwa mtu aliyelelewa Tanga, neno hilo lina njia moja: mdogo anatoa shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba. Huyu mtoto ameitikia shikamoo ambayo sijampa! Kichwani nilijua ni salamu yao ya kila siku, neno la Kiarabu lililokwenda kaskazini na likaja kusini, kila upande likapewa kazi yake. Lakini masikio hayana shule. Siku nzima ile nimeitikiwa shikamoo na wauza mkate, askari, wahudumu, hadi kitoto kimoja kilichokuwa kimekalishwa kwenye kaunta ya duka. Jioni nilikuwa nimeshakuwa mdogo wa mji mzima.

Nje, kweli, makaburini. Milango ya chuma imeshushwa mtaa mzima. Kwenye vioo vichache vilivyobaki wazi, masanamu yamesimama na suti zao, bei hakuna, mtu hakuna. Nilibandika uso kwenye kioo nikaanza kuhesabu vifungo vya koti moja la kijivu, nikaona mvuke wa pumzi yangu umefunika kioo chote. Nikajicheka. Basi, nitembee.

Hapa niseme habari ya viatu. Mimi nauza suti, na muuza suti hatembei na raba. Hiyo ndiyo ilikuwa fikra yangu. Nilivaa viatu vyeusi vya ngozi, vipya, vyenye ncha, kama mtu anayekwenda kuposa. Istanbul si Dar es Salaam. Dar unaweza kutoka Kariakoo hadi Posta bila kujua mlima ni nini. Huu mji wenyewe husema umekaa juu ya vilima saba, na mimi siku hiyo miguu yangu ilihesabu zaidi. Mawe ya njia yamelowa manyunyu, yanateleza, na kila mteremko unaoshuka kwa raha una kilima chake kinachokusubiri. Kabla ya saa tano kisigino cha kulia kilikuwa kimeshaota lengelenge. Duka la dawa la kwanza nililoliona limefungwa, la pili pia. La tatu ndipo nilipogundua kuwa mlangoni hubandikwa jina na anwani ya duka la zamu la siku hiyo. Ukijua hilo mapema hutachechemea kama mimi.

Nilifuata reli ya tramu tu, nisipotee. Nikapita Beyazıt, kwenye lango la soko kuu la kale, Kapalıçarşı, lililoanzishwa na Sultani Mehmet miaka michache baada ya kuuteka mji mwaka 1453. Lina mitaa zaidi ya 60 iliyofunikwa paa na maduka kwa maelfu. Nalo Jumapili halifunguliwi. Mbele ya lango lililokomewa alikuwa amejikunja paka mkubwa wa rangi ya chungwa, ndiye mlinzi. Paka wa mji ule ni habari nyingine kabisa. Wamewekewa vyakula pembeni mwa njia, vijumba vya mbao, na mtu anahama kiti akimkuta paka amekikalia. Sijamwona hata mmoja aliyefukuzwa kwa teke.

Nikanunua simit kwenye kigari. Ni mkate wa duara kama bangili, umejaa ufuta nje. Nilipouona niliukumbuka mkate wa ufuta wa Unguja, nikategemea ule ulaini wa tui. Hakuna tui. Mkavu, unatafunwa, lakini ukiwa wa moto na nje kuna baridi ya nyuzi 6, unashukuru.

Uwanja wa Sultanahmet ulikuwa zamani uwanja wa mashindano ya magari ya farasi wa wafalme wa Roma. Katikati umesimama mnara wa jiwe moja la Misri, una maandishi ya Kifarao kama ndege na macho. Ulichongwa zama za Farao Thutmose wa Tatu, umri wake unapita miaka 3,400, ukatolewa Karnak, na mfalme Theodosius akausimamisha pale mwaka 390. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nawaza mzigo. Huyu wakala wake alikuwa nani? Alitoza kwa kilo au kwa ujazo? Jiwe linakaribia mita 20, limepandishwa mtoni, likavuka bahari, likashushwa. Na nikasoma kwamba sehemu ya chini haipo, ilivunjika. Nikatikisa kichwa. Miaka 1,600 na ushei, mzigo umefika pungufu na hakuna wa kumdai.

Ayasofya ipo hatua chache mbele, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko lengelenge. Jengo lile lilisimamishwa kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, likiwa kanisa la mfalme Justinian. 1453 likawa msikiti. Kuanzia miaka ya 1930 makumbusho. Mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Kuba lake ukiliona kwa nje halishangazi sana, linaonekana zito, limechoka, kama mzee aliyekaa na mashuka begani. Wanaoingia husema ndani ndiko kwenyewe. Mimi sikuingia. Nilipanga foleni ya watalii, nikafika mahali palipoandikwa euro 25, nikapiga hesabu ya mashati. Nikatoka kwenye foleni. Nikajiambia nitarudi kesho kutwa nikimaliza manunuzi. Kesho kutwa ilinikuta chini ya marobota nikibishana na mpimaji wa kilo, na mtondo nilikuwa kwenye ndege.

Nilipomsimulia dada wa fremu alishika kiuno. "Wewe Mwislamu, umekwenda kupanga foleni ya watalii? Wanaoswali wana mlango wao, hauna tiketi!" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimefuata watu wenye kamera bila kujiuliza mimi ni nani.

Msikiti wa Sultan Ahmet, ule wa minara sita, niliuingia kwa swala ya adhuhuri, hiyo saa saba na robo. Ndani kuna vigae zaidi ya 20,000 vya Iznik, buluu juu ya buluu, na nguzo nne nene ambazo wenyewe huziita miguu ya tembo. Nilitamani kuegemea mmojawapo nilale. Kuvua viatu tu ilikuwa neema.

Sasa habari ya brashi.

Nilikuwa nateremka kuelekea Sirkeci, taratibu, nakanyagia vidole ili kisigino kisiguse. Mzee mmoja wa kupiga kiwi akanipita kwa haraka, kisanduku chake chenye vifuniko vya shaba kaning'iniza begani. Brashi ikadondoka. Tap. Hakugeuka. Mimi nikafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa angefanya: nikainama, nikaiokota, nikamkimbilia huku nachechemea. "Mzee! Mzee wangu! Brashi!"

Aligeuka kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Mkono kifuani, macho yanakaribia machozi. "Abi, abi," kaka, kaka. Kisha akachuchumaa, akashika mguu wangu, akaupandisha juu ya kisanduku. Nikakataa. Akasisitiza. Nikajiambia, mzee anataka kunishukuru kwa anachoweza, kumkatalia ni kumvunjia heshima. Akapaka, akasugua, akageuza mguu wa pili. Katikati ya kazi likaja la mtoto mgonjwa, hospitali, Ankara. Maneno machache ya Kiingereza cha kuokoteza, yametosha. Alipomaliza akataja bei. Si shukrani tena, ni bei, na ilikuwa ya kuchana mfuko.

Nikafungua pochi. Kosa juu ya kosa: lira zote nilizobadilisha uwanja wa ndege, kwa bei ya kuumiza, zilikuwa sehemu moja, na yeye amechuchumaa chini yake anaziona kama sinema. Noti niliyoigusa si aliyoitaka. Aliitaka ya nyuma yake. Nikampa. Siku hizi nikisafiri hela ya kutumia inakaa mfuko wa suruali, kidogo kidogo, na pochi haionekani barabarani.

Nilipumzika chini ya mteremko, kwenye kibaraza. Sikumaliza dakika kumi, nikamwona anashuka tena. Anampita kijana mmoja mtalii mwenye begi mgongoni. Brashi ikadondoka. Tap. Kijana akaitazama, akairuka, akaendelea na safari yake.

Nimekulia michezo ya namna hii. Kariakoo bahasha ya hela inadondoka mbele yako, mtu anakuja mbio mgawane, na mtoto wa darasa la nne anajua asiiguse. Nimewaonya wageni wangapi mimi! Na mimi huyo huyo nimepigwa, na kilichonipiga si tamaa, ni malezi. Yule kijana kaokolewa na kutojali kwake. Niliwaza hilo hadi mvua ikaanza tena na kuiondoa ile kiwi yote, ambayo, tuseme haki, alikuwa ameipaka vizuri sana.

Kufika Eminönü nilikuwa nimeamua sitamsalimia mtu. Haikudumu. Soko la viungo pale Jumapili linafunguliwa, wanaliita Soko la Misri, la karne ya 17, na harufu inakupokea kabla ya lango. Nikapita magunia ya pilipili, zafarani, majani ya chai, nikasimama penye gunia moja. Muuzaji akachota kiganja. "Karanfil."

Nikarudia: "Karafuu."

"Karanfil," akasema.

"Karafuu," nikasema, nikanusa. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Pemba. Utotoni likizo ya karafuu tulikaa kwenye majamvi tukichambua vikonyo hadi vidole vinanuka wiki nzima. Nikamwonyesha kwa mikono: mti mrefu, mtu juu, kikapu. Sijui alielewa nini, lakini aliingia ndani ya duka akatoka na vikombe viwili vya chai, vile vya kioo vyenye kiuno chembamba, havina sikio, unavishika ukingoni la sivyo unaungua. Tukaanza mchezo. Akanyooshea sabuni: sabun. Limau: limon. Duka lake: dukkan. Saa ya ukutani: saat, na dakika ni dakika, hilo halikubadilika hata herufi. Kila likipatana anapiga paja. Mimi ni mfanyabiashara, najua chai ya mwenye duka ina bei yake. Hata mimi bwana harusi akija na wapambe nawaagizia soda. Nikanunua pakiti mbili za chai ambazo sikuzipanga. Ila wakati wa kuaga alisema neno moja: misafir. Nikajigusa kifua, "Ndiyo, msafiri." Kumbe kwao misafir ni mgeni wa nyumbani, yule anayekaribishwa. Neno lile lile, sisi tumelitumia kwa mtu aliye njiani, wao kwa mtu aliyefika.

Jioni ilikuwa inaingia. Nikanunua kadi ya usafiri kwenye mashine, kijana aliyekuwa nyuma yangu akanibonyezea, na kadi hiyo hiyo moja inapanda tramu, basi, treni na boti. Ningeinunua asubuhi kisigino kingepona. Nikapanda boti ya Üsküdar. Watu kwenye foleni wakasukumana ile ya kiungwana ya kugombea kiti cha dirishani, na nikajisikia niko Magogoni nasubiri panton ya Kigamboni. Tofauti ni kwamba Kigamboni unavuka unabaki Dar. Hapa, kwa dakika kama 20, umeondoka Ulaya uko Asia, na hakuna anayenyanyua uso kwenye simu. Watu zaidi ya milioni 15 wa mji ule wanaishi pande mbili hizo, wengine kazi huku na kitanda kule. Mama mmoja alikuwa anawarushia shakwe vipande vya simit, wanavidaka hewani. Nyuma yetu misikiti imepangwa juu ya vilima, taa zinawashwa. Nilipiga picha nane, zote zimetoka na kidole.

Msikiti wa Mihrimah Sultan upo hapo hapo gatini Üsküdar, kazi ya Sinan, msanifu mkuu wa masultani, ulimalizika mwaka 1548. Nilitawadha kwenye bomba za nje, maji ya barafu kabisa, lengelenge likaitikia. Nikaingia magharibi ikikimiwa, nikapata nafasi safu ya pili.

Imamu akasoma Fatiha kwa sauti nzuri, ya taratibu. Akafika "waladh-dhaallin". Na mimi, miaka 40 ya Tanga ndani yangu, msikiti ambao amin yake hutetemesha mabati, nikavuta pumzi nikaiachia: "Aaaamiin!"

Peke yangu.

Chini ya lile kuba sauti ilipanda, ikazunguka, ikanirudia. Msikiti mzima umenyamaza. Wao ni Wahanafi, Waislamu wa madhehebu ya Hanafi, amin huisema kimoyomoyo. Kijana wa safu ya mbele mabega yalimtikisika, najua alikuwa anacheka. Rakaa ya pili nilijibana nikaimeza kama kidonge.

Baada ya salamu sikuthubutu kuinua macho. Mzee aliyekuwa kushoto kwangu akaninyooshea tasbihi, maana wao huvuta uradi wote pamoja. Akaniinamia.

"Şafii?"

Lilikuwa ni lile lile letu, Shafii, jina la madhehebu yetu, halijabadilika. "Shafii," nikajibu.

Akatikisa kichwa kwa ridhaa, akanipapasa goti, akaendelea na tasbihi yake. Hakuniuliza natoka wapi. Kwa amin moja alikuwa ameshanijua nimelelewa kwenye msikiti wa namna gani.

Nilirudi Laleli saa tatu usiku, viatu mkononi kwa ngazi za mwisho za hoteli, soksi zimelowa. Yule kijana wa asubuhi alikuwa amemaliza zamu. Kwenye kaunta amekaa mzee, masharubu meupe, sweta la kufuma, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anasoma gazeti. Hakuniona nikiingia. Sijui ni uchovu au ni ile siku yote, nikajikuta nimeshatamka, kwa sauti ile ya kuingia nyumbani kwa watu:

"Shikamoo, mzee."

Akainua uso. Akavua miwani, mkono kifuani.

"Merhaba," akasema.